Zabadi Dirishani mwa Saada

Ijumaa, mwanzo wa Mfungo Saba. Mvua ya masika iliyonyesha usiku kucha imekatika kabla ya adhana ya adhuhuri, na sasa jua limetoka linachoma matope ya uchochoroni. Nimerudi nyumbani kwangu. Nimewaambia wenye arusi kwamba kichwa kinanigonga, wakanipa pole na sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Kichwa hakinigongi. Pilau nimempa jirani.

Jana tumemwoza Saada.

Leo ningekuwa kule, nimekaa mlangoni pa chumba chake kama inavyompasa somo, napokea salamu za wanawake na kujidai kidogo. Mimi ndiye niliyemfunda. Alipovunja ungo mamake alinikabidhi, akasema huyu ni wako kama alivyo wangu, nami sikujaliwa mtoto, basi neno lile nililifunga kwenye upindo wa leso na sikulifungua tena. Sasa Saada ananiamkia kama anavyomwamkia mpita njia. Ananiamkia vizuri, hakosi adabu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nataka kuliandika jambo hili leo, lilivyokwenda, kabla sijaanza kujitetea. Najijua. Nikipewa siku mbili tatu nitakuwa nimekwisha kulipamba.

Lakini sina budi kuanza na wanyama. Tangu watu waanze kufyeka kule Kizingo na Ganjoni, wakajenga majumba ya Wazungu na kutandika reli za yale magari yao ya kusukumwa, wanyama wa kisiwa hiki wamekosa pa kukaa. Zamani, ukitaka kumwona tumbili, ulikuwa utoke mjini uende mashamba. Siku hizi anakufuata mwenyewe. Mwezi uliopita mmoja aliteremka kwenye paa la makuti la jirani, akamnyang'anya mwenyewe mkate wa mofa mkononi, akapanda nao mnazi na kuula huku anatutazama. Kuna komba anayelia kila magharibi kwenye mkorosho wa nyuma ya msikiti, na watoto wamekwisha kumwiga mpaka huwezi kujua nani komba na nani mtoto. Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikasema wageni hawa hawana hasara, hawataki hata kutandikiwa.

Nyumba ya kina Saada iko mwisho wa mji huku Makadara. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa, na ukuta wake wa nyuma unatazamana na makaburi ya kale, kisha kichaka. Chumba cha Saada kiko upande huo. Dirisha lake lina nondo za mti, na nje, chini ya dirisha, kuna kibaraza cha kuanikia vyombo.

Humo ndimo alimowekwa ndani kungoja arusi. Mwali wetu hatoki, jua halimwoni. Anasingwa kwa liwa ya msandali uliosagwa, anapakwa, anafukizwa udi asubuhi na jioni mpaka harufu imwingie mwilini isitoke hata akioga. Kazi hiyo ni yangu. Katika mji huu mtu akitaka udi wa arusi huja kwangu, nami sijivuni nikisema hivyo. Ama najivuna, na haidhuru.

Udi wangu naukanda mwenyewe. Naponda udi, napika sukari mpaka ianze kushika, natia marashi, ambari kidogo, kisha zabadi, yale mafuta mazito yenye harufu kali. Ukizidisha zabadi, udi unanuka kama banda la mbuzi. Ukiipunguza, harufu haikai nguoni. Hutujia imetiwa ndani ya pembe ya ng'ombe iliyozibwa kwa ngozi, na mimi huijaribu kwa kuipaka kidogo nyuma ya kiganja na kungoja. Kwa Saada sikubania. Nilitia zabadi kama mtu anayemwoza binti yake wa pekee.

Tena pua yangu inajulikana. Nikipewa chetezo kilichopoa naweza kusema kilifukizwa nini juzi. Wanawake hunitania kwamba marehemu mume wangu hakuthubutu kuchelewa kurudi.

Haya. Asubuhi moja nikaingia kumsinga Saada, nikaona sahani ya tende aliyoiacha dirishani imeangukia kibarazani nje, tende hakuna hata moja. Nikamuuliza. Akacheka, akasema ni tumbili, nami nikacheka naye, maana siku hizo tulikuwa tunacheka kwa lolote. Kesho yake nikakuta kibaraza kimepakazwa matope, ila si nyayo za kutambulika, kwa vile mvua ilikwisha kuyavuruga. Na asubuhi iliyofuata nikasikia harufu.

Ilikuwa kwenye mwimo wa dirisha, upande wa nje. Zabadi tupu, mbichi, haikuchanganywa na kitu. Haikuwa yangu, kwa kuwa yangu ina marashi na sukari ndani yake. Nikapenyeza uso baina ya nondo kadiri nilivyoweza, nikanusa, nikanusa tena. Saada alikuwa amekaa mkekani nyuma yangu, amepakwa liwa uso mzima, ananitazama.

Nikamkumbuka Salimu.

Salimu ni kijana wa mtaa wa pili, na anauza manukato katika duka la mjomba wake kule sokoni. Mwaka jana alileta posa kwa Saada, akakataliwa kwa heshima, kwa sababu babake Saada alikuwa na mtu wake. Sikusikia kwamba Saada alisikitika, wala sikumuuliza. Kijana mwenyewe ni mpole, anaamkia kila mtu, lakini kazi ile imemwingia mwilini, na akipita uchochoroni wajua kwamba amepita. Ananuka zabadi.

Dirisha, tende, matope, harufu. Niliyaunganisha upesi kuliko ninavyofunga ushungi.

Nikamuuliza Saada kama dirisha hulifunga usiku. Akasema halifungi. Chumba kina joto, na huo udi wangu unamkaba, basi huliacha wazi apate pumzi. Alisema bila kusitasita, kama mtu asiye na la kuficha, nami nikalisikia kama neno la mtu aliyekamatwa.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kutandika mkeka nikalala naye chumba kimoja, nione mwenyewe anayekuja. Sikufanya hivyo. Nilikwenda jikoni kwa mamake, Bi Khadija, ambaye tumesoma naye chuo kimoja tukiwa watoto, nikamwambia yote. Nilimwambia kwa sauti ya chini, na uso wa huzuni. Lakini, Mungu anisamehe, ndani yangu palikuwa na utamu. Ule utamu wa kuwa mtu aliyegundua.

Bi Khadija alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akalia bila kutoa sauti. Babake asijue, alisema, maana akijua hapana arusi, na pengine hapana mtoto. Saada ametimiza miaka kumi na tisa, na watu walikwisha kuanza kuuliza kwa nini amekawia. Arusi ikivunjika sasa hapatakuja posa nyingine mlangoni pale, na kila mtu angejua ni kwa nini, hata asiyejua. Tukamwita. Mamake akamwambia anawe uso, atawadhe, kisha akateremsha msahafu akamshikisha.

"Hakuja mtu," Saada akasema. "Wallahi, mama, hakuja mtu dirishani kwangu. Somo, mwambie wewe. Wewe wanijua."

Alinigeukia mimi. Sikumtaka anigeukie, lakini alinigeukia, na macho yake yalikuwa na hakika kwamba nitamtoa. Nami, mjinga wa watu, nikamjibu: "Mwanangu, pua yangu haijapata kunidanganya."

Aliurudisha msahafu mikononi mwa mamake kwa adabu, akasimama pale huku maji ya udhu yangali yanamtiririka kwenye viwiko. Tukamhamishia chumbani mwa mamake. Dirisha tukalipigilia misumari, na babake tukamwambia ni kwa ajili ya tumbili.

Kama ningeishia hapo, mambo yangekuwa ya nyumba moja. Lakini alasiri ile ile nilivaa buibui langu nikaenda dukani kwa mjombake Salimu. Hakunituma mtu. Sikumtaja Saada. Nilisema tu kwamba kijana wake anazungukia madirisha ya nyumba yenye mwali, na kwamba ni afadhali amwangalie yeye kabla mwenye nyumba hajamwangalia. Mzee yule aliona haya hata akashindwa kuinua uso. Ni mtu anayeogopa fedheha kuliko hasara. Hakumuuliza mpwawe neno. Kesho yake akampakiza pamoja na mizigo kwenda Vanga, akamwambia akae huko mpaka atakapoitwa.

Muuza kahawa ndiye aliyetusimulia, akidhani anatupa kichekesho, kwamba Salimu alisimama mbele ya duka na furushi la nguo zake kwapani, anauliza amekosa nini, na mjomba wake hamjibu, anapanga chupa.

Nikajiambia ni adabu kwake. Nikalala usingizi mzuri.

Jumanne hii, baada ya sala ya alfajiri, nilitoka kwa mlango wa nyuma kuteka maji. Siku hizo nilikuwa nalala pale pale kwenye nyumba ya arusi. Mwangaza ulikuwa ndio kwanza unaingia, mvua imetulia, na upande wa Kizingo palikuwa na moshi wa miti wanayoichoma. Nikasikia kitu kinakwaruza ukuta upande wa chumba cha Saada.

Naandika fikira yangu ya kwanza ilivyokuwa: amerudi kutoka Vanga.

Nikaokota mchi uliokuwa kando ya kinu, nikaizunguka pembe ya nyumba kwa kunyata, mwanamke mtu mzima, nimekunja leso mpaka magotini, tayari kumpiga mtoto wa watu.

Alikuwa ngawa.

Alikuwa juu ya kibaraza, chini ya dirisha tulilolipigilia, mkubwa kuliko nilivyodhani ngawa huwa, mwili wa kijivu wenye madoa na mistari myeusi, weusi umemzunguka machoni, na manyoya ya mgongoni yamesimama. Mkia ameuinua. Alikuwa ameuegemea mwimo wa dirisha kwa nyuma, anajisugua taratibu, kwa makini, kama fundi anayepaka chokaa. Kisha harufu ikanifikia pale nilipo. Zabadi tupu, mbichi.

Miaka yote hii nimeishika zabadi kwa vidole hivi, na sikupata kumwona mwenyewe anavyoitoa. Nilijua hutoka kwa ngawa, kama ninavyojua kwamba ambari hutoka kwa nyangumi. Kwangu mimi ngawa alikuwa mwizi wa kuku wa kusimuliwa, na zabadi ilikuwa kitu kinachokaa ndani ya pembe. Sikupata kuwaweka pamoja. Huyu alipita baina ya makaburi, akasikia harufu ya mwenziwe inatoka chumbani kwa mwali, basi akaja kuweka na yake. Nimemwita mimi, kwa udi wangu niliokanda bila kubania, na kwa moshi wangu uliomfanya Saada afungue dirisha. Pua haikukosea. Ilisema zabadi, na zabadi ilikuwapo. Mtu nilimtia mimi.

Ngawa akageuka akanitazama. Hakukimbia. Ubavuni mwake palikuwa na mahali manyoya yameungua, nadhani ni kwa moto wa kule kwenye ufyekaji, na alionekana mchovu, kama mgeni ambaye amekwisha kubisha milango mingi. Akateremka kibarazani, akapita makaburini bila haraka, akaingia kichakani.

Nilianza kwa kucheka. Kicheko kilinitoka chenyewe. Halafu nikakaa pale pale kibarazani penye uvundo na mchi mapajani, nikalia mpaka ushungi ukalowa.

Nilidhani Bi Khadija atafurahi, na kweli alifurahi. Alisema alhamdulillahi nyingi, akasujudu kwenye sakafu ya jiko penye majivu. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Usimwambie mtu," akasema. "Ukimtaja ngawa, watu watauliza ngawa ametuhusu nini. Arusi ni keshokutwa."

Nikamuuliza, na Salimu? Akasema Salimu ni mwanamume, na Vanga si kuzimuni, atarudi. Nilitaka kumkasirikia, lakini juu ya midomo ya mji huu anasema kweli. Nikimwambia mtu kwamba kijana hakuja dirishani, nimekwisha kumfundisha kwamba palikuwa na dirisha. Fitina ingekuwa mchele uliomwagika, ningeirudia na kuizoa. Hii haizoleki, maana kila nikiinama kuzoa namwaga nyingine.

Nikaenda kwa Saada. Shangazi yake alikuwa anampaka hina, basi nikangoja mpaka shangazi alipotoka kutafuta ndimu. Nikamweleza yote, kibaraza, mkia, madoa, harufu, na vile Salimu alivyofukuzwa kwa neno langu. Nilimweleza kwa mzaha hata, nikasimama nikamwonyesha nilivyonyata na mchi wangu, kwa sababu nilitaka acheke. Kama angecheka ningejua tumepona. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameiinua hina isichafuke.

"Mimi mlinishikisha msahafu na hamkuniamini," akasema. "Ngawa hakula yamini, naye mwamwamini."

Nikakaa chini nikaanza kumpepea hina ikauke, nikamwona ananiacha nimpepee kwa vile hana mikono ya kunizuia. Shangazi akarudi na ndimu, akatuuliza mbona kimya, nikasema tumechoka.

Jumatano nilimwekea ngawa tende kibarazani. Hazikuguswa. Sijui nilitaka nini kwake. Pengine nilitaka aje tena mchana, watu wote wamwone, nisilazimike kusema mimi.

Jana ikafika. Mvua ilinyesha na watu wakaja hivyo hivyo, wameinua mabuibui, viatu mkononi. Nilimfukiza Saada mwenyewe kwa udi ule ule, sikuwa na mwingine. Alikuwa mzuri. Nitaliandika na hili, maana ni kweli: kati ya wanawali wote niliowapamba, sijapata kumpamba aliyependeza hivyo, na sikuweza kumwambia.

Kabla bwana arusi hajaingia, mwali huomba radhi. Huanza kwa mamake, halafu wakubwa wa nyumba, halafu somo wake. Bila radhi haingii chumbani, hiyo ndiyo ada, na wanawake wote husimama kushuhudia. Saada alipiga magoti mbele ya mamake, mamake akamgusa kichwa tu. Kisha akaja kwangu. Akapiga magoti, asumini zimemjaa nyweleni, macho chini, akanishika mkono akaubusu.

"Somo, niwie radhi," akasema, kwa sauti ya kusikika, kama inavyopasa.

Aliyepaswa kupiga magoti ni mimi. Nilitamani kuteremka pale pale mkekani nilie mbele yao wote. Lakini chumba kimejaa, wanawake watu wazima wenye masikio, wengine wa upande wa bwana arusi, na neno moja nje ya yale yanayosemwa lingetosha kuwapa kazi ya mwaka mzima. Nikasema linalosemwa. "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera." Nilimsamehe mimi yeye, mbele ya mashahidi. Halafu nikamwinamia kana kwamba namrekebisha ushungi, nikamnong'oneza sikioni kwamba nawe niwie mimi.

Vigelegele vilikwisha kuanza. Alinijibu bila kuinua macho, kwa kiasi cha kusikia mimi peke yangu.

"Kamwombe Salimu kwanza."

Hili linalofuata ndilo nililokuwa nalikwepa tangu nilipoanza kuandika, nikazungukia tumbili na komba na ndimu.

Nilipolisikia jina lile kinywani mwake, usiku wa arusi yake, kabla sijaona haya, kabla sijamhurumia kijana wa watu, moyo wangu uliniuliza: mbona anamtaja Salimu?

Ndivyo ulivyouliza. Baada ya ngawa, baada ya mchi, baada ya machozi yangu yote ya kibarazani. Uliuliza upesi, na ulikuwa na utamu ule ule wa jikoni. Na Saada wakati huo ndipo alipoinua macho. Ameusoma uso wangu tangu alipokuwa mtoto wa kufundishwa kukaa na kunyamaza, haumpotei. Aliniona ninavyowaza. Hakunikasirikia. Aliushusha ushungi usoni, akainuka bila kushika mkono wangu, wakamwingiza ndani.

Majuto ni mjukuu, tunasema, na mimi nisiye na mtoto nimekwisha kumpata mjukuu.

Kesho asubuhi nitakwenda dukani kwa mzee yule. Nimelifikiri neno la kumwambia. Sitataja dirisha, wala mwali, wala ngawa. Nitasema kwamba nilimsingizia mpwawe uongo kwa sababu ya chuki yangu mwenyewe, mjane mwenye mdomo mrefu asiye na kazi, na kwamba amrudishe. Ataniamini. Watu huamini upesi jambo la namna hiyo, nani ajuaye kuliko mimi. Mkewe atalisikia, na baada ya mkewe mji mzima, na sidhani kama nitaitwa tena kumpamba mwali wa mtu. Bi Khadija atanishukuru moyoni, hadharani atakuwa mbali nami. Haya. Jina la Saada litakuwa halikupita mdomoni mwa mtu.

Lakini hiyo haitoshi, kwa kuwa uongo ule utamrudisha Salimu bila kumwambia alifukuzwa kwa nini. Yeye ana haki ya kujua. Basi nitatafuta wa kufuatana naye nifike mpaka Vanga, nimkalie mbele, nimweleze kweli yote, na dirisha, na ngawa, na jinsi nilivyolala usingizi mzuri siku aliyoondoka. Atatukana, na ana haki. Au ataniamkia vizuri, kama alivyo, na hiyo itakuwa mbaya zaidi.

Safari siiogopi, wala matusi. Naogopa dakika ile nitakapolitaja jina la Saada mbele yake. Naomba Mungu nimtazame kijana yule usoni, nisianze kumtafuta Saada humo.